Uzoefu wangu na Casio fx-991ES PLUS kwa anayesoma umeme Arusha

Wakuu habari zenu. Madogo wakishapata nafasi vyuo vya ufundi maswali huwa ni yaleyale, ninunue laptop gani, geto nipange Sakina au Mianzini, ila kalkuleta karibu hamna anayeiulizia, wakati kwa mtu anayekuja kusoma umeme hicho ndio kifaa atakachokishika kila siku kuliko hata multimita. Mimi nasoma umeme Chuo cha Ufundi Arusha, nilianza na kalkuleta hii ya Casio fx-991ES PLUS nikiwa NTA level 4 (ngazi ya kuanzia ya ufundi) na sasa niko level 6 (diploma) mashine ni ileile, kwahiyo naiongelea kwa kuijua.

Kilichonifanya niipende ni namba za j, yaani namba changamano, ambapo j ni kipeuo cha pili cha −1 (kwenye hesabu za kawaida na kwenye kalkuleta inaandikwa i). Sekondari nyingi hatukuzigusa, alafu ukifika kwenye saketi za AC (umeme wa mkondo geu) kila kitu kinageuka kuwa j, impidansi (ukinzani wa saketi ya AC) j, karenti j, hadi watu wanaanza kuota j. Chukua mfano mdogo tu, mzigo wa om 8+j6 umeungwa kwenye volti 230. Kwa mkono, ili upate karenti, unazidisha juu na chini kwa konjugeti (namba ileile iliyogeuzwa alama ya j, yaani 8−j6), unagawa, ndio uanze kutafuta ukubwa na pembe. Kwenye hii unabonyeza MODE 2, unaandika 230÷(8+6i), ile i iko kwenye kitufe cha ENG, unagonga = inakuletea 18.4−13.8i (ikija kama sehemu bonyeza S⇔D). Sasa hapo bonyeza SHIFT 2, chagua 3, gonga = tena, inageuka 23∠−36.87. Umeshapata ampea 23, umejua karenti iko nyuma ya volti kwa digrii karibu 37, kosaini yake 0.8 ndio pawa fakta, na wati zako ni 4,232. Yaani swali ambalo mwenzako anajaza nusu ukurasa wewe ushalihakiki kabla hajamaliza kuchora mstari wa kugawa.

Nimesema kuhakiki makusudi. Njia ya mkono ijue kwanza, na uiandike yote kwenye pepa, maana anayesahihisha anatafuta hatua zako. Na kuna siri nyingine, ukiijua njia utagundua mara moja jibu likiwa la ajabu, mfano mashine ikiwa kwenye radiani badala ya digrii. Juu ya skrini kuna kaherufi kadogo, D ni digrii na R ni radiani, kabla ya kuanza swali lolote la pembe kaangalie kwanza. Kurudisha digrii ni SHIFT MODE alafu 3.

Maswali ya kanuni za Kirchhoff kwenye saketi yenye matanzi matatu (njia tatu zilizofungwa za karenti) nayo yanalainika, MODE 5 chagua 2, unajaza namba za milinganyo yako mitatu unapata karenti zote. Ila hapa nisiwadanganye, hiyo ni kwa DC (umeme wa mkondo mnyoofu). Sehemu ya milinganyo haipokei namba za j, na matrisi zake pia hazipokei, kwahiyo tanzi mbili za AC utavunja determinanti mwenyewe vipande vipande ukiwa MODE 2. Mimi huwa nahifadhi kila impidansi kwenye herufi, A, B, C, alafu naandika A×B−C² hivyohivyo kama ilivyo kwenye daftari, inasaidia sana kuliko kuandika mabano upya kila mara. Uzuri skrini inaonesha hesabu kama ulivyoiandika kwa kalamu, sehemu juu na chini, kipeuo na paa lake, ukikosea mahali unapaona.

Kuna kitu kingine wengi wanaimaliza diploma hawajakigusa, ni SHIFT 7 na SHIFT 8. Ya kwanza ina konstanti 40 (namba za sayansi zisizobadilika), ya pili ni kubadili vipimo, na namba zake zimeandikwa kwenye kifuniko. Karakanani mota nyingi zina HP (nguvu farasi) kwenye kibati chake wakati fomula unayotumia inataka kilowati, hapohapo 10 HP inakuwa 7.457 kW. Na kwa wale mtakaofika Kikuletwa kule Hai, kwenye kituo cha nishati jadidifu cha chuo chetu, mkikaa kwenye hesabu za maji mtaitumia sana g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ambayo ni konstanti namba 35. Maji mita za ujazo 2 kwa sekunde yakishuka mita 10, mtambo wenye ufanisi wa asilimia 80 unakupa kama kilowati 157, na ukiwa umesimama pembeni ya maji yenyewe hiyo namba inakuingia kichwani tofauti kabisa na darasani. Mimi ndio nilianza kuipenda hii fani pale, kiukweli.

Sasa feki. Mjini zimejaa, jina lilelile, rangi ileile, bei ya sahani chache za chipsi mayai. Mwenzangu wa geto aliuziwa moja kwenye duka ambalo silitaji, muhula haujaisha kitufe cha 8 kikawa kinaandika 88, katikati ya tesiti, akamaliza kwa kuazima ya jirani kila jirani akipumzika. Iliniuma kwasababu jamaa alikuwa amepiga msuli kweli na lile somo alikuwa analijua. Tulipoifungua karakanani tukakuta kile kipaneli cha sola hakina hata waya, kimebandikwa kama pambo. Orijino ina sola na betri ya LR44 vyote vinafanya kazi. Ukiwa dukani jaribu vitufe vyote kimoja kimoja, fanya lile swali la 230 pale pale mbele ya muuzaji, akikukatalia kujaribu ondoka.

Kama hela inabana, bora ununue orijino iliyotumika kwa anayemaliza chuo kuliko feki mpya. Na usijiambie utatumia apu ya simu, kwenye chumba cha mtihani simu haiingii, na vidole vinatakiwa viwe vimezoea vitufe. Hii haiprogramiwi, kwahiyo hata mahali wanapozuia kalkuleta za kuprogramu unaingia nayo bila shida. Ukishainunua andika jina kwenye mwili wa mashine yenyewe sio kwenye kifuniko tu, vifuniko vinabadilishana sana kwenye diskasheni.