Blake et Mortimer baada ya Jacobs: vipi vya kununua, kipi cha kuanzia

Mgongo wa kitabu unatosha kukuambia umeshika kazi ya nani. Katika matoleo ya Kifaransa ya katuni za Blake et Mortimer, namba 1 hadi 11 ni za Edgar P. Jacobs mwenyewe, Mbelgiji aliyeuanza mfululizo huu mwaka 1946 katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Tintin. Namba 12 ni yake nusu. Kuanzia 13 ni kazi ya warithi, na hapo mnunuzi anatakiwa kuchagua kwa makini, maana ubora unapanda na kushuka.

Hiyo namba 12 ni sehemu ya pili ya Les 3 formules du professeur Sato. Jacobs alipofariki Februari 1987 hadithi ilikuwa imeshaandikwa, lakini michoro ilikuwa bado rasimu. Bob de Moor, msaidizi wa miaka mingi wa Hergé, mchoraji wa Tintin, aliimalizia, ikatoka 1990. Inunue tu ikiwa unataka kujua hadithi ya sehemu ya kwanza inavyoisha. Nyuso zimekuwa nyepesi, zinamkaribia Tintin, na lile giza zito la Jacobs halimo.

Mwanzo mzuri ni namba 13, L'Affaire Francis Blake, ya 1996. Jean Van Hamme aliandika, Ted Benoit akachora. Kapteni Blake wa ujasusi wa Uingereza anashukiwa kuwa msaliti, anatoroka, na rafiki yake Profesa Mortimer anabaki hajui aamini nini. Hakuna mashine za ajabu wala viumbe wa kale. Ni mbio za polisi na wapelelezi hadi Scotland. Msomaji asiyewahi kufungua kitabu cha Jacobs anaielewa yote, na huo ndio ubora wake mkubwa.

Benoit alielewa kwamba Jacobs haigwi kwa kunakili pua na masharubu. Mstari wa wino una unene uleule toka mwanzo hadi mwisho, rangi ni bapa, na usiku hauchorwi kwa weusi peke yake bali kwa zambarau, kijani na manjano ya taa. Halafu kuna visanduku vya maelezo, virefu, vinavyorudia kwa maneno kile ambacho picha imeshaonyesha. Wengi huviona kasoro. Kwa kweli ndivyo vinavyoshikilia mwendo wa hadithi: vinakulazimisha ukae kwenye picha muda mrefu, na hofu inaingia polepole. Mrithi akivifupisha sana, ukurasa unakimbia na kitabu kinakuwa cha kawaida. Akivijaza porojo, unachoka kabla ya ukurasa wa ishirini. Kazi ya namna hii inakula muda, na Benoit alichora vitabu viwili tu, hicho na L'Étrange rendez-vous cha 2001. Ndiyo sababu wachapishaji wakaweka timu mbili, na baadaye zaidi ya mbili, zinazofanya kazi sambamba.

Timu ya pili ilikuwa ya mwandishi Yves Sente na mchoraji André Juillard. Kitabu chao cha kwanza, La Machination Voronov cha 2000, ndicho bora cha warithi wote kwa maoni yangu. Kuna kirusha roketi cha Kisovieti, kijidudu kutoka angani na daktari mwenye nia mbaya, vyote vikiwa ndani ya mwaka 1957 halisi. Pia kinamleta Nastasia Wardynska, mwanasayansi mwenye akili na kazi yake mwenyewe. Katika vitabu vya Jacobs wanawake karibu hawaonekani, jambo ambalo lilichangiwa na sheria ya Ufaransa ya 1949 iliyokuwa ikichunguza machapisho ya watoto.

Msomaji wa Afrika Mashariki atavutwa na namba 18, Le Sanctuaire du Gondwana ya 2008, kwa sababu safari yake inapita Nairobi na kufika Ngorongoro, Tanganyika ikiwa bado mikononi mwa Waingereza. Usiinunue peke yake. Inategemea kabisa namba 16 na 17, Les Sarcophages du 6e continent, na siri yake kubwa haina nguvu kwa aliyeruka hizo mbili. Hata ukizisoma kwa mpangilio, Waafrika wenyewe wamepewa nafasi ndogo mno katika nchi yao, na mchoraji mwenye jicho la Juillard angeweza kutupa zaidi ya mandhari.

Pale warithi wanapokwama ni pale wanapochimbua makaburi ya Jacobs. L'Onde Septimus ya 2013 inarudi kwenye La Marque Jaune, kazi kuu ya mwanzilishi, na kuifafanua mpaka inapoteza fumbo lake. Le Cri du Moloch ya 2020 inaendeleza kosa hilohilo. Kama una fedha ya kitabu kimoja, nunua La Marque Jaune yenyewe. Michoro ya Antoine Aubin katika L'Onde Septimus haina lawama, na katika Huit heures à Berlin ya 2022, akiwa na waandishi wengine na hadithi ya 1963, kipaji chake kinapata mahali pa kupumua.

La Vallée des Immortels, namba 25 na 26, inaanza pale Le Secret de l'Espadon inapoishia, kwa hiyo maliza kwanza zile tatu za mwanzo. Nje ya mfululizo kuna Le Dernier Pharaon ya François Schuiten, 2019. Huyu hakujaribu kumuiga Jacobs hata kidogo: amechora kwa vistari vyake vingi vyembamba, Mortimer ni mzee, na Jumba Kuu la Mahakama la Brussels limegeuka kitovu cha balaa. Nairudia mara nyingi kuliko nyingi zilizoiga kwa uaminifu.

Anayesoma Kifaransa, kama ilivyo kwa wengi Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura, achukue matoleo ya jalada gumu. Matoleo ya Kiingereza ya Cinebook yana jalada laini na ukurasa mdogo, hivyo herufi za vile visanduku virefu zinabana macho. Namba zao pia ni tofauti: yao ya 1 ni La Marque Jaune. Usiagize kwa namba, agiza kwa jina la kitabu, na hadithi ya sehemu mbili ichukue zote kwa pamoja, kwa kuwa sehemu ya kwanza hukatika katikati ya tukio.

Juillard alifariki Julai 2024. Kitabu chake cha nane katika mfululizo, Signé Olrik, kilitoka miezi michache baadaye, na mstari wake humo bado ni safi.