Uzoefu wangu na wakala wa kupanga zamu za gati Kigoma

Napeleka saruji Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kutokea bandari ya Kigoma. Tangu Machi hadi Agosti nimetumia huduma ya wakala mmoja anayetupangia zamu za gati sisi wafanyabiashara wadogo. Jina lake naliacha, nataka kueleza kazi yake.

Zamani nilikuwa napewa siku na saa. Jumanne, saa 2 asubuhi. Naita makuli kumi na wawili, nafika, nakuta gati bado lina meli ya watu inapakua. Makuli wanakaa kivulini kutwa nzima, jioni wanadai ujira wao, na ni haki yao.

Huyu hataji saa maalumu. Ujumbe wake wa kwanza ulisema: "Meli itafunga gatini kati ya saa 4 usiku na saa 3 asubuhi. Usiite watu mpaka nikupigie." Nilimpigia kwa hasira: kaka, hii si ratiba, ni kubahatisha! Akanieleza taratibu. Mvua ikizoa tuta la reli kule Kilosa na Gulwe, mabehewa ya saruji yanalala njiani. Kiangazi upepo wa kusi ukikaza, nahodha anasubiri ng'ambo, maana kuvuka ni zaidi ya kilomita 100. Na saruji haipakiwi kwenye mvua. Kwa hiyo kati ya meli na meli anaacha pengo la nusu siku, ili moja ikichelewa isizicheleweshe zote zilizo nyuma yake. Kila jioni anauliza treni imefika wapi, anapanga upya.

Aprili ndipo nilipomwelewa. Zamu ilikuwa yangu, meli imeshatia nanga, lakini behewa langu lilikuwa bado Tabora. Akampa zamu mwenzangu ambaye mzigo wake ulikuwa tayari ghalani. Iliniuma sana, sikulala. Ila meli yangu ingefunga pale, ingekaa gatini bure ikingoja mifuko 800 ambayo haijafika, na mwenzangu angeumia pamoja nami. Kesho yake alasiri behewa likaingia, gati likawa wazi. Tulipakia usiku kucha chini ya taa, na hakuna mfuko hata mmoja ulioloa.

Kasoro ipo, tena kubwa. Julai zamu iliwahishwa, na ujumbe ukanifikia meli ikiwa imeshafunga. Saa 8 usiku makuli utawatoa wapi? Nililipia siku nzima ya meli kusimama. Aliomba radhi, lakini hasara ilibaki kwangu.

Nampa nyota nne kati ya tano. Mzigo wa Oktoba nimeshamkabidhi, kwa sharti moja tulilokubaliana: zamu ikicheleweshwa, ujumbe unatosha, ikiwahishwa, apige simu, na aendelee kupiga mpaka nipokee.