Tathmini ya Inua Jamii: pesa za wazee kwa anayeishi Nairobi

Inua Jamii ni mpango wa Serikali ya Kenya ambao katika mitaa ya watu wa kipato cha chini jijini Nairobi hujulikana tu kama pesa za wazee, ingawa pia huwalipa watu wenye ulemavu mkubwa na familia zinazolea mayatima na watoto wengine wasio na wa kuwategemea. Hapa ninatathmini sehemu ya wazee peke yake, kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa karibu. Shangazi yangu, ambaye amekaa Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, karibu maisha yake yote ya utu uzima, ni mmoja wa wanaolipwa, na mimi ndiye niliyeandikishwa kuwa msimamizi wake pale anaposhindwa kwenda kuchukua pesa mwenyewe.

Ahadi ya mpango ni nyepesi kueleza. Mkenya aliyetimiza miaka 70, asiyepokea pensheni wala mshahara, anastahili kulipwa Sh2,000 kwa mwezi. Msingi wake umo katika Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii na kuitaka Serikali iwasaidie wale wasioweza kujikimu wao wenyewe na wanaowategemea. Kabla ya mwaka 2018, pesa hizi zilitolewa kwa wazee wa miaka 65 na zaidi waliothibitishwa kuwa maskini, na uthibitisho huo ulipitia kwa kamati, kwa wazee wa mtaa na kwa chifu. Tangu mwaka 2018 swali la umaskini liliondolewa kwa waliofika miaka 70, na umri ukawa ndio kigezo.

Badiliko hilo ndilo jambo bora kuliko yote katika mpango huu, na ninashangaa kwamba halisifiwi vya kutosha. Kijijini watu hujuana, na ni rahisi kamati kusema nani analala njaa na nani ana ng'ombe watatu. Katika ploti ya vyumba ishirini jijini, ambamo wapangaji huhama usiku na jirani hujulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza tu, hakuna kamati inayoweza kupima umaskini wa mtu kwa haki. Mzee anayevaa koti safi Jumapili huonekana ana uwezo, na mwenye ulimi mtamu huonekana ana shida. Kuuliza umri peke yake kunampunguzia mzee aibu ya kujieleza mbele ya watu, na kunampunguzia anayeandika majina nafasi ya kuomba chochote. Walioachwa na badiliko hilo ni wenye miaka kati ya 65 na 69, ambao wengi wao jijini walifua nguo za watu, waliuza mboga au walibeba mizigo sokoni, na hawana akiba yoyote ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, ya kuwangojea.

Usajili ndiko huduma inakoanza kuchechemea. Kwa muda mrefu majina hayakuwa yakiingizwa kila siku mtu anapotimiza umri, bali kwa misimu, Serikali inapotangaza kwamba orodha imefunguliwa. Aliyetimiza miaka 70 baada ya orodha kufungwa alilazimika kusubiri ifunguliwe tena, hata kama kitambulisho chake kilisema wazi kwamba anastahili. Kuna pia tatizo la kitambulisho chenyewe. Wazee wengi waliandikiwa mwaka wa kuzaliwa kwa kukisia, kwa kuwa hapakuwa na cheti, na karani aliyekadiria miaka michache pungufu zamani hizo anaendelea kumgharimu mzee hadi leo. Kurekebisha tarehe hiyo ni safari nyingine ya ofisi na karatasi ambayo wengi huiacha njiani.

Jijini kuna ugumu wa ziada, kwa kuwa mzee husajiliwa mahali anapoishi na mitaa yetu haitulii mahali pamoja. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, nyumba zilizokuwa kando ya mito katika mitaa ya Mathare na Mukuru zilibomolewa, na ingawa Serikali iliahidi Sh10,000 kwa kila familia iliyoathiriwa ili ihamie kwingine, waliohama walitawanyika kwenda walikopata chumba. Mzee aliyehama namna hiyo anaweza kujikuta mbali na chifu anayemjua, mbali na kamati iliyomwandikisha, na mbali na mjukuu anayemsomea ujumbe wa simu. Mpango uliobuniwa kwa kumfikiria mtu mwenye boma lake haujajifunza vizuri kumfuata mpangaji.

Sasa nije kwenye malipo yenyewe. Shangazi hulipwa kupitia akaunti, na pesa zinapoingia huzichukua kwa wakala wa benki aliye karibu, ambaye duka lake ni dirisha lenye vyuma na kaunta ya ubao. Utambulisho ni wa alama ya kidole. Mtu aliyefua nguo kwa mikono tangu usichana wake ana vidole laini kama sabuni iliyotumika, na mashine haioni mistari ya kusoma. Nimemwona wakala akipangusa kioo kidogo cha mashine kwa ukingo wa mkono wa sweta, kisha akisema kwa upole, "Shosho, jaribu kile kingine, lakini kwanza ukisugue hapa," huku akijigusa kipaji cha uso ili kumwonyesha. Shangazi alisugua kidole kwenye paji la uso ili kipate mafuta kidogo, akakibandika, mashine ikakataa, akajaribu cha shahada cha mkono wa kushoto, ikakubali. Nyuma yetu foleni ilikuwa imejaa watu wa kutuma na kutoa pesa zao za kawaida, na hakuna aliyelalamika, jambo ambalo nalitaja kwa sababu si kila foleni ya Nairobi huwa na subira ya namna hiyo.

Wakala huyo namsifu. Mwingine, ambaye sitamtaja, alikuwa na desturi ya kumkabidhi mzee pesa zikiwa zimepungua noti moja na kuita pungufu hilo ya chai, na mzee asiyejua kusoma risiti hana namna ya kubishana. Ndiyo maana ninaona wazo la kuhamisha malipo kutoka benki hadi simu, ambalo Serikali imekuwa ikilizungumzia, lina faida na hatari zake pia. Litaondoa mashine ya kidole na safari ya kwenda dirishani. Hata hivyo, wazee wengi simu zao hushikwa na vijana wa nyumbani, na nambari ya siri ya mzee hujulikana na nyumba nzima.

Kasoro kubwa ya huduma hii, kwa maoni yangu, ni kwamba haina tarehe. Watu wengi hulalamikia udogo wa kiasi, na nitafika huko, lakini mzee wa jijini huumizwa zaidi na kutojua pesa zitaingia lini. Kwa miaka mingi mpango ulikuwa kulipa Sh4,000 kila baada ya miezi miwili, kisha Serikali ikaanza kulipa Sh2,000 kwa mwezi, lakini katika mifumo yote miwili pesa zimekuwa zikitegemea Hazina ya Kitaifa itazitoa lini kwa Idara ya Ulinzi wa Jamii na Masuala ya Wazee, na zikichelewa huko juu, hakuna anayemwandikia mzee kumwambia asubiri hadi lini. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa korona, wazee walilipwa Sh8,000 kwa mkupuo mmoja. Wengi mtaani walishukuru kana kwamba wamepewa nyongeza, na walikuwa na haki ya kufurahi kwa kuwa zilikuja wakati wa dhiki, ila zilikuwa malipo yao ya Januari hadi Aprili.

Ili kuelewa kwa nini tarehe ina uzito kiasi hicho, ni lazima mtu ajue jinsi nyumba maskini ya Nairobi inavyokula. Haili kwa pesa iliyo mfukoni, bali kwa daftari la mwenye duka. Duka la mtaa wa shangazi lina daftari la mistari lililofungwa kwa uzi kwenye nondo ya dirisha, na kila ukurasa una jina la mteja, unga, mafuta ya kupima, sukari ya robo, sabuni ya kipande, na kiasi anachodaiwa. Mlinzi wa usiku anayelipwa mshahara mdogo hukopeshwa bila maneno mengi, kwa sababu mwenye duka anajua kwamba mwisho wa mwezi utafika. Shangazi, ambaye mapato yake ni ya Serikali na kwa hiyo yangepaswa kuaminika kuliko ya mlinzi, huandikiwa vitu viwili vitatu tu, kisha huambiwa kwa heshima, "Mama, wacha kwanza zile zingine ziingie." Sh2,000 zenye tarehe zingempa mkopo wa mwezi mzima kwenye daftari lile. Sh2,000 zisizo na tarehe hulipa tu deni la nyuma, na zikishalipa, maisha huanza upya na mikono mitupu.

Mtu anayedhani kwamba uhakika wa namna hiyo hauwezekani kwa maskini wa jiji hili na atazame mpango wa Dishi na County, ambao Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliuanzisha mwaka 2023 pamoja na shirika la Food4Education. Mjukuu wa shangazi, anayesoma katika shule ya msingi ya umma, huvaa bangili mkononi. Mzazi huweka pesa kupitia simu, na mtoto hugusisha bangili kwenye kifaa na kupewa sahani ya chakula cha moto kwa Sh5. Msaada anaoupata ni mdogo sana ukilinganishwa na Sh2,000, lakini nyumba nzima huupangia, kwa kuwa kila siku ya shule sahani ipo. Mpango huo nao una pengo lisilofichika: ulijengwa juu ya shule za umma na vituo vya chekechea vya kaunti, ilhali sehemu kubwa ya watoto wa Mukuru, Kibera na Mathare husoma katika shule ndogo za binafsi za mabati, kwa sababu shule za umma hazitoshi au ziko mbali.

Kuhusu kiasi, Sh2,000 ni zile zile kwa zaidi ya miaka kumi, na ni zile zile kwa mzee wa Nairobi na kwa mzee mwenye shamba la mahindi nyuma ya nyumba. Jijini maji hununuliwa kwa mtungi, choo hulipiwa kila unapoingia, na kodi ya chumba kimoja cha mabati inaweza kumeza malipo yote ya mwezi na kudai zaidi. Shangazi hajawahi kulipa kodi kwa pesa hizi. Kodi hulipwa na sisi watoto. Yeye hununulia mkaa, dawa za presha na matoleo ya kanisani, na katika matoleo hayo hakubali msaada wa mtu, kwa kuwa anasema akitoa pesa ya mwanawe atakuwa hajatoa yeye. Matibabu nayo sasa yanadai sehemu yake. Chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, mwezi wa Oktoba 2024, asiye na mshahara hulipa angalau Sh300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Serikali inayompa mzee Sh2,000 kwa mkono mmoja ingeweza kulimaliza jambo hilo yenyewe bila kumsumbua.

Kitengo cha malalamiko sitakisema sana. Kuna nambari ya kupiga bila malipo, na kuna afisa wa maendeleo ya jamii katika kila kaunti ndogo. Tulipomwendea tuliyeelekezwa kwake kuuliza kuhusu malipo yaliyoruka, alitusikiliza vizuri, akaangalia jina kwenye kompyuta, akatwambia kwamba orodha ya malipo haitoki kwake. Nilimwamini, kwa kuwa alionekana kuchoshwa na jibu lake mwenyewe kuliko tulivyochoka sisi. Pesa zile ziliingia baadaye bila maelezo yoyote.

Kwa nyota tano, ninaipa huduma hii tatu: moja na nusu kwa kuuliza umri badala ya umaskini, moja kwa kuwa pesa hufika kwa mwenyewe, na nusu kwa wakala wa dirisha la vyuma. Mbili zilizobaki ni za tarehe, na nyota hizo ninaweza kuzirudisha siku yoyote kalenda ya malipo itakapobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu na kufuatwa.

Kwa anayetaka kumwandikisha mzazi wake, mambo machache ya matumizi. Angalia tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho mapema, kabla orodha haijafunguliwa, kwa kuwa marekebisho huchukua muda. Msimamizi awe mtu anayeishi karibu na mzee na asiyebadilisha nambari ya simu ovyo. Mkihama mtaa, pelekeni habari kwa chifu wa mlikotoka na wa mlikoingia. Omba risiti kila pesa zinapotolewa na uzihesabu palepale dirishani, hata kama foleni ni ndefu. Usajili ni bure, na anayekuomba pesa ili jina lipite, hata akiwa amevaa beji, mripoti kwa afisa wa kaunti ndogo na umtajie siku, mahali na kiasi alichoomba.