Miaka saba na leso za mtumba: kitani, pindo na limau

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na shuleni kwetu ubao bado ni wa chaki. Aliyewahi kusimama vipindi sita mbele ya ubao, feni ikimpulizia lile vumbi usoni, anajua ninachosema. Ikifika saa saba mchana pua inawasha, macho yanatoa machozi, na jasho la Dar es Salaam limechanganyika na chaki mpaka shingoni. Miaka mingi nilitembea na tishu. Tishu ikilowa inakatika vipande, na vile vipande vinabaki kwenye ndevu. Nikahamia leso za foleni, vile vitambaa vya mfukoni wanavyouza vijana kwenye mataa. Zina mistari mizuri, lakini nyingi ni poliesta, hazinywi maji. Unafuta jasho, linahama tu kutoka kwenye paji la uso kwenda shavuni.

Jumamosi moja mwaka 2018 nilikwenda soko la mitumba la Karume, pale Mchikichini, kutafuta pazia la chumba cha watoto. Mama mmoja anayeuza mashuka na mapazia alikuwa ndiyo kwanza amefungua belo. Chini kabisa ya lundo kulikuwa na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa uzi: leso sita nyeupe, zimekunjwa kwa nne, mikunjo imeingia unjano kwa kukaa. "Kaka, chukua zote elfu tatu, zinanizibia nafasi," akaniambia. Nikachukua, nikiwaza zitanifaa kufutia miwani. Nikazifua, nikazipiga pasi, Jumatatu nikaingia darasani na moja. Mpaka kengele ya mwisho inalia sikuwa nimegusa tishu hata mara moja.

Tangu siku hiyo nimekusanya leso 143, na karibu zote nazitumia. Naandika haya kwa ajili ya wanaoniuliza kama zinafaa, zinapatikanaje, na kama si uchafu kutumia leso iliyokuwa ya mtu mwingine.

Kwanza niseme kwa nini mtumba unatuletea leso nzuri hivi, maana mimi mwenyewe nilishangaa kukuta nyingine hazijatumika kabisa. Zamani Ulaya na Marekani leso ilikuwa zawadi ya kawaida sana. Krismasi ikifika mtu anapewa kiboksi chenye leso tatu, mwaka ujao kingine, na kingine. Mwaka 1924 tishu za Kleenex ziliingia sokoni Marekani kama karatasi za kujifutia mafuta ya uso, na kufika miaka ya 1930 zilikuwa zinatangazwa kama leso ya kutumia na kutupa. Polepole watu wakaacha leso mifukoni, lakini zawadi zikaendelea kuja, zikawekwa kwenye droo. Mwenye nyumba akifariki, droo inamwagwa, vitu vinapelekwa kwenye maduka ya hisani, yanayouza vitu vya msaada, na vinavyobaki vinaingia kwenye belo. Ndiyo maana huzikuti kwenye belo za mashati. Ziko na mapazia, foronya na vitambaa vya meza, tena chini.

Sasa nije kwenye pindo, maana pindo ndilo lililonifanya niache kuwa mnunuzi wa kawaida nikawa mkusanyaji. Ilaze leso juu ya kidole cha shahada, utazame ukingo wake. Leso ya kawaida ya kiwandani ukingo umekunjwa bapa na kupigwa cherehani, mshono umenyooka kama uliopigiwa rula. Leso iliyoshonwa kwa mkono ukingo wake ni mviringo, umevimba kidogo kama kamba nyembamba sana, kwa sababu mshonaji aliuviringa kati ya kidole gumba na cha shahada huku akipitisha sindano ndani ya ule mviringo. Uzi wenyewe karibu hauonekani. Unachoona ni vibonyeo vidogo, na havilingani: hapa viwili vimebanana, pale kimoja kimeachana na mwenzake.

Ninayo moja ya kike, sentimita 28 kwa 28, nyembamba mpaka ukiiweka juu ya gazeti unasoma maandishi. Upande wa kwanza nimehesabu mishono sita kwa sentimita. Upande wa pili sita, wa tatu mitano, wa nne minne na mingine imelegea. Nikiishika naona kabisa mtu aliyeanza kazi asubuhi macho yakiwa mapya na kumaliza jioni akiwa amechoka. Hakuna anayelijua jina lake. Kila nikifika upande ule wa nne kidole changu kinasimama.

Nyingine zina safu ya vidirisha vidogo pembezoni: nyuzi za upande mmoja zimechomolewa, zilizobaki zikafungwa mafungumafungu. Mama yangu alifundishwa kazi hiyo shuleni kwenye somo la ushonaji, na nilipomwonyesha leso ya namna hiyo hakusema kitu kwa muda, aliigeuza tu kutazama upande wa nyuma. "Kazi ya mtu inatazamwa nyuma," akasema. Tangu hapo nami nageuza. Leso za kisiwa cha Madeira, Ureno, zinajulikana kwa darizi yenye matobo yaliyozungushiwa uzi, na aliyewahi kushika kofia ya Unguja iliyodariziwa vitobo hahitaji kufundishwa thamani yake. Ni subira ileile ya kutoboa kijishimo na kukizungushia uzi mpaka kisimame imara, mara mia kadhaa kwenye kitambaa kimoja.

Kuhusu kitambaa, nakitafuta kitani (linen, kinachofumwa kwa nyuzi za bua la mmea) kabla ya pamba. Pamba nzuri nyembamba haina ubaya, ni laini na inakunywa, lakini kitani kina ubaridi fulani mkononi na nyuzi zake hazilingani unene, ukinyoosha kwenye mwanga unaona vinundu. Kikilowa hakidhoofiki, kinazidi nguvu, na ndiyo sababu leso ya kitani inavumilia kufuliwa miaka na miaka huku ikizidi kuwa laini. Sokoni sina muda wa majaribio mengi. Nalowesha ncha ya kidole, naigusisha leso kwa nyuma: kwenye kitani maji yanatokeza upande wa pili papo hapo, kwenye poliesta yanakaa juu kama umande. Nyumbani nikiwa na shaka nachomoa uzi mmoja ukingoni na kuuwasha kiberiti. Kitani na pamba vinatoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha jivu, poliesta inayeyuka na kubaki kidonge kigumu. Mbili kati ya zangu bado zina karatasi ya rangi ya dhahabu iliyobandikwa pembeni kuonyesha ni kitani cha Ireland. Hizo sijazifua. Belfast uliwahi kuwa mji mkubwa kuliko yote kwa kazi ya kitani, na kwangu ile karatasi ni sehemu ya leso.

Neno lenyewe leso lina safari yake. Mwaka 2021 nilikuwa Mombasa kwa harusi ya binamu, nikapita Mtaa wa Biashara, nikamwambia muuzaji, "Naomba kuona leso." Akanishushia doti ya kanga! Nikamweleza nataka ndogo, ya mfukoni. "Ah, unataka kitambaa cha mkono," akasema, "leso ndiyo hii." Na ana haki. Leso imetoka kwa Wareno, *lenço*, yaani kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vile vitambaa vikiwa bado mfululizo kwenye jora, wakakata sita na kuviunga, vitatu juu vitatu chini, wakapata vazi moja. Wenye viwanda wakaona, wakaanza kuchapa kitambaa kizima, na hiyo ndiyo kanga. Mombasa jina likabaki kwenye vazi, huku kwetu likarudi mfukoni. Bibi yangu wa Tanga alitumia yote mawili, na ulilazimika kujua kwanza anazungumzia nguo ya kujitanda au kitambaa cha kupengea kamasi.

Nimeharibu pia. Mwaka wa pili nilipata leso ya kiume ya sentimita 45 yenye doa la kutu, pengine ilibanwa na pini muda mrefu. Nikaimwagia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile yenye klorini, na kuiacha usiku kucha. Asubuhi doa lilikuwa limekolea zaidi, na nilipoikamua pale penye doa pakatoboka. Klorini haiondoi kutu, inaikomaza, na ukiiachia muda inakula nyuzi. Iliniuma sana, maana pindo lake lilikuwa la mkono. Dawa ya kutu ni limau na chumvi: kamulia, nyunyizia, anika juani, usiache ikauke, kamulia tena, halafu suuza vizuri. Asidi ya limau inaiyeyusha kutu. Doa dogo linatoka kwa siku moja, kubwa siku tatu.

Ule unjano wa mikunjo ni kazi nyepesi zaidi. Nalowesha usiku kucha kwenye maji ya kawaida nikibadilisha mara mbili, nachemsha kwenye sufuria ya alumini na sabuni ya mche iliyokwanguliwa kama dakika ishirini, kisha naanika juu ya majani. Nyasi na jua vinang'arisha kuliko kamba. Huko Ireland ya Kaskazini zamani vitani vilitandazwa mashambani juu ya nyasi kwa wiki kadhaa kwa kazi hiyohiyo. Pasi ipite kitambaa kikiwa bado na unyevu, kikikauka mikunjo haitoki. Zenye darizi za rangi, na za hariri, usizichemshe.

Kununua mtandaoni sipendi sana. Mwaka 2023 dada yangu anayeishi Uingereza aliniagizia dazeni iliyotangazwa kuwa kitani chote, hali nzuri. Zilipofika zilinuka naftalini, vile vidonge vya kufukuzia wadudu wa nguo, hata kabla sijafungua bahasha. Saba zilikuwa kitani, tano pamba, na mbili kati ya zile saba zina matundu ambayo picha zilipigwa kwa namna ya kuyakwepa. Muuzaji alirudisha nusu ya fedha baada ya dada kumwandikia mara tatu. Ukihesabu na usafirishaji, kila moja iliniangukia zaidi ya shilingi elfu tano, wakati Karume nazipata kwa mia tano mpaka elfu moja tena nikiwa nimezishika. Kwenye mtandao kidole chako hakifiki kwenye pindo. Moja ya zile zenye tundu nilishindwa kuitupa, ni laini kuliko zote nilizonazo. Nikaamua kuitumia hivyohivyo.

Hivi sasa wauzaji wawili wananiwekea. Yule mama wa kwanza alipoteza mzigo wote soko lilipoungua Januari 2022, akaanza upya na belo moja. Nikipita ananiita kwa mbali, "Mwalimu, leo kuna vidogo vyako!" Bei sibishani naye tena.

Kuhusu usafi niseme wazi. Leso ya mtumba usiiweke usoni kabla hujaichemsha, au kuifua vizuri kama ni ya hariri au ya darizi za rangi. Mimi natembea na mbili, moja ya jasho mfuko wa kulia, moja ya pua mfuko wa kushoto, na jioni zote zinaingia kwenye beseni lake, hazichanganywi na nguo nyingine. Nikiwa na mafua ya kuambukiza naweka leso pembeni na kurudi kwenye tishu mpaka nipone. Kutembea siku nzima na kitambaa chenye ugonjwa si haki kwa wanafunzi wangu. Kwa jasho, vumbi, chaki, miwani na machozi, sijaona kinachoifikia leso ya kitani. Leso za mtumba za mkononi mwa muuzaji ninazipa nyota tano. Za kuagiza bila kushika, mbili.

Na kuhusu machozi. Mwaka jana mwalimu mwenzangu wa Kiswahili alifiwa na mama yake, sote tukaenda Tandika msibani. Alipotuona waalimu wenzake akaanza kulia upya, na kanga yake ilikuwa imeshalowa. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa leso, nikampa bila kuitazama. Nikiwa njiani kurudi ndipo nikakumbuka nimempa ile yenye tundu, nikaona aibu. Baada ya arobaini akaja nayo shuleni ndani ya bahasha. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa kwa nne, inanukia udi. Nilipoikunjua nikalitafuta lile tundu, nikakuta limezibwa kwa uzi mweupe, nyuzi zimepitishwa moja juu moja chini, kama kitambaa chenyewe kilivyofumwa. Nikaigeuza kutazama nyuma. Nyuma palikuwa safi kama mbele.