Pampu ya mafuta ya ndani ya tenki: ununue ipi ukiwa Mtwara au Lindi

Toyota IST yangu ilinizimia kabla ya Nanyamba, mwezi wa kumi, msimu wa korosho, nikiwa na abiria watatu na gunia moja kwenye buti. Stata inapiga vizuri, moto haushiki. Mzee aliyekaa nyuma akashuka bila kuambiwa, akavua kandambili, akainama na kuligonga tenki kwa chini mara nne tano. "Haya mwanangu, jaribu." Likawaka. Newala tulifika kwa mtindo huo, gonga washa, gonga washa.

Baadaye ndiyo nikaelewa kandambili ilifanya nini. Ndani ya pampu kuna mota ndogo ya umeme yenye kaboni, kama za stata. Kaboni zikiisha, mota inaganda mahali fulani, na mtikisiko kidogo unaisogeza mpaka pale penye mguso. Gari likikubali kwa kugongwa, usiendelee kulijadili. Pampu imefika mwisho.

Nikarudi mjini nikanunua pampu ya bei ya chini kuliko zote dukani. Pampu peke yake, filta nikaiacha ile ile. Haikumaliza miezi miwili, soketi yake ikaungua mpaka plastiki ikawa kama andazi lililosahaulika kwenye mafuta. Fundi wa pili, mtu mzima, hakutaka hata kusikia habari ya pampu. Alichomoa lile chujio jeupe la nailoni linalokaa mguuni mwa pampu, ambalo langu lilikuwa na rangi ya ugoro, akalikamua kwa vidole viwili. Likatoka tope jekundu, laini kabisa, lile lile la barabarani. Kisha akachukua msumeno wa chuma akaipasua filta. Karatasi ya ndani ilikuwa nyeusi, imegandana kama daftari lililonyeshewa. "Kaka, hii pampu uliichinja mwenyewe," akaniambia.

Kwa hiyo nitakayoyaandika hapa yanatoka kwa mtu aliyenunua vibaya kwanza. Bei sizitaji. Zinapanda na dola, na nyingine zinapanda na viatu ulivyovaa.

Jua kwanza kilichomo

Kwenye Toyota nyingi ndogo tulizonazo huku, za injini ya 1NZ (IST ya 1.5, Probox, Raum, Corolla za miaka ile), ukiinua siti ya nyuma unakuta kifuniko, na chini yake kitu kimoja kinachobeba vyote: pampu, chujio la chini, filta kubwa ya karatasi ndani ya gamba la plastiki, regileta ya presha, na kigelegele cha geji, yaani kielea kinachopima mafuta yaliyobaki. Hakuna paipu ya kurudisha mafuta kutoka kwenye injini. Presha inapimwa na kupunguzwa humo humo tenkini.

Chujio la chini linailinda pampu. Filta kubwa iko baada ya pampu, hivyo kazi yake ni kulinda nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye injini. Lakini ikiziba, pampu inasukuma ukuta: inavuta umeme mwingi, inachemka, na soketi inaanza kuungua. Mafuta yenyewe ndiyo maji ya kuipoza pampu, kwa hiyo anayetembea na taa ya mafuta imewaka kila siku anaipika. Sisi wa daladala za kuchangia tunajijua.

Kuna wanaosema filta ya ndani ya tenki ni ya maisha. Labda maisha ya lami safi na vituo vya uhakika. Ukiingia vijiji vya Tandahimba, Nanyumbu au Liwale ukajazwa petroli ya chupa kupitia faneli iliyokuwa inaning'inia juani, unanunua na vumbi. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (kemikali ya alama) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabaini wanaochanganya na mafuta ya taa. Kinasaba hakiwezi kukwambia dumu lilioshwa lini.

Kabla hujatoa hela

Angalia fyuzi na rilei, na pima kama umeme unafika kwenye soketi ya pampu wakati stata inapigwa. Nasema wakati wa stata kwa sababu Toyota nyingi za miaka ya 2000 pampu haizunguki ukifungua swichi tu. Watu wamenunulishwa pampu bure kwa sababu fundi aliweka sikio kwenye tenki, hakusikia kitu, akahukumu. Nissan nyingi zinalia kidogo swichi ikifunguliwa, basi mtu akizoea Nissan anadhani Toyota imekufa.

Mwenye geji ya presha akupimie. Kwa 1NZ inatakiwa kilopaskali 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50. Presha ikiwa ndogo, bado usiseme pampu. Mdomo wa pampu umechomekwa kwenye gamba la filta kwa kioringi kidogo (pete ya mpira), na kikichanika mafuta yanavujia ndani ya tenki, hakuna anayeona tone. Kioringi hicho unakinunua kwa sarafu.

Chaguo langu la kwanza: gamba lako, vya ndani vipya

Nunua mota ya pampu mpya ya jina linaloeleweka, filta mpya, chujio jipya, na sili mpya ya kifuniko. Bakiza kigelegele na mfuniko wa gari lako. Ni ghali kuliko pampu ya mtumba, lakini geji yako inabaki inasema ukweli na presha inabaki ile ya kiwandani.

Nenda na namba ya chesisi, siyo jina la gari. "IST" haitoshi: kuna 1.3 na 1.5, kuna za kuvuta miguu yote. Kwa Toyota, tarakimu tano za mwanzo za namba ya spea zinakusaidia hata kama muuzaji anababaisha. 23220 ni pampu, 23300 ni filta, 23217 ni chujio la chini, 77169 ni sili ya kifuniko, na 77020 ni kitu kizima pamoja na mfuniko wake. Ukiomba filta ukapewa boksi linaloanza na 23220, mmoja wenu hajaelewa.

Feki zipo nyingi, hasa zinazovaa jina la Denso. Mimi hufungua boksi pale pale kaunta. Namba ya boksi ilingane na iliyopigwa kwenye mwili wa pampu, pini ziwe zimenyooka na zinang'aa, herufi zisiwe zinafutika kwa kidole chenye mate. Muuzaji akinuna, narudisha. Na kama pampu ile "orijino" inauzwa sawa na ya kawaida iliyo pembeni yake, hakuna haja ya kuchunguza zaidi.

Madukani Mtwara na Lindi mara nyingi utapata pampu, filta hupati. Agiza Kariakoo ije kwa basi, picha ya spea kwanza, hela baadaye. Mimi huweka chujio na sili za akiba ndani. Mei 2024 mafuriko yalipokata barabara kule Somanga, wenye magari juu ya mawe walikaa wakisubiri kitu cha ukubwa wa sanduku la kiberiti.

La pili: kizima cha mtumba

Hiki ndicho wengi huchukua: kitu kizima kilichotolewa kwenye gari la Japani, unachomeka unaondoka. Sikidharau. Pampu ya kiwandani iliyotumika Japani inaweza kuizidi mpya ya ovyo kwa miaka. Tatizo ni kwamba unanunua na filta ya mtu, ambayo huwezi kuiona ndani.

Angalia chujio: jeupe au kijivu ni sawa, kahawia kama chai ya rangi hapana. Nusa, petroli iliyochacha ina harufu ya rangi ya mlango. Angalia soketi kama ina weusi. Mwambie muuzaji aiguse pampu kwenye betri sekunde moja au mbili tu, isikauke, huku ameisogeza mbali na kitu chochote kinachonuka mafuta. Nyanyua kigelegele polepole huku umeshika mita, namba zibadilike bila kurukaruka. Ukishainunua, bado weka chujio jipya na sili mpya. Hela uliyookoa kwenye mtumba itumie hapo.

La tatu: kutoa filta nje

Hili ndilo linaloulizwa zaidi, na mafundi wetu wamegawanyika. Unapasua gamba, unatoa karatasi ya ndani, pampu inabaki tenkini, halafu unafunga filta ya chuma chini ya gari ambayo unaweza kuibadilisha kwa dakika ishirini. Zamani nilikuwa nalikataa kabisa. Siku hizi, kwa gari linalolala Masasi na kuamkia Newala, linakunywa petroli ya dumu wiki nzima, nalikubali kwa masharti, na masharti yenyewe ndiyo orodha yako ya manunuzi.

Regileta ibaki. Nimeona gamba lote limetupwa na regileta yake, pampu ikaunganishwa moja kwa moja kwenda mbele. Gari linawaka, tena kwa fujo, halafu plagi zinakuwa nyeusi, unywaji unapanda, moshi unanuka petroli. Hakuna kinachoizuia presha tena. Fundi akikuambia "hii haina kazi" huku ameshika kikopo kidogo cha chuma chenye oringi, chukua gari lako.

Filta ya nje iwe ya gari la nozeli, ya chuma. Ile ya plastiki inayoonyesha ndani ni ya kabureta na pikipiki. Psi 50 si kazi yake, na ikipasuka inapasukia karibu na egzosi. Mipira nayo ni miwili tofauti. Wa nje ya tenki usomeke R9, alama ya daraja iliyoandikwa kwenye mpira wenyewe. Kipande kinachokaa ndani ya tenki, kilicholowa muda wote, kinatakiwa R10, kwa sababu R9 imetengenezwa kubeba mafuta kwa ndani tu. Ukiulowesha na nje unavimba, unalainika, unameguka. Vipande vyake vinaenda wapi unajua. Klipu zitafute za bolti zinazobana duara lote, siyo zenye meno yanayokata mpira.

Jambo moja hawakuambii. Kiwandani regileta iko baada ya filta, hivyo presha inayokwenda mbele ni ile iliyokwisha kupimwa. Ukiweka filta ya nje, inakaa baada ya regileta. Ikianza kuziba, presha inashukia mbele yake na hakuna wa kufidia. Ndiyo maana anayefanya mabadiliko haya akasahau kubadilisha filta ya nje amejirudisha alikotoka. Kwa njia zetu mimi hubadilisha kila nikimwaga oili mara mbili. Na chujio la chini ni lazima libaki. Kuna wanaolitoa "ili mafuta yapite vizuri". Yatapita, na mchanga wa Msimbati utapita nayo.

Gari la kuvuta miguu yote sahau kabisa. Tenki zake nyingi zimekaa kama tandiko la punda, zina vyumba viwili, na ndani kuna kifaa kinachonyonya mafuta upande wa pili kwa nguvu ya yale yanayorudi. Ukilivuruga gamba, nusu ya tenki inabaki na mafuta yasiyofika popote, geji inasema robo na gari limezima.

Za mwisho

Pampu mpya ya bei ndogo ndani ya filta ya zamani ndilo kosa langu, nimeshalieleza. Dalili yake nyingine: asubuhi unapiga stata muda mrefu ndiyo liwake, kwa kuwa vali inayozuia mafuta kurudi tenkini haishiki.

Chini kabisa naweka zile pampu za nguvu, za lita 255 kwa saa, zinazopendwa na vijana. Walbro halisi ni pampu nzuri kwa injini inayoihitaji. Kwenye 1.5 inasukuma mafuta kuliko regileta inavyoweza kurudisha, presha inapanda, na waya za kiwandani hazikupimwa kwa umeme inaoula.

Siku ya kufunga

Toa soketi ya pampu, washa gari mpaka lizime lenyewe, presha iishe. Kisha ondoa waya wa hasi wa betri. Nje, kwenye upepo, na sigara ziende mbali. Pulizia vumbi pembeni ya kifuniko kabla hujakifungua, maana kwa magari yetu kuna mchanga wa kujaza kikombe, na wote unasubiri kudumbukia. Huku pwani bolti zinakuwa na kutu, zipe mafuta ya kulainisha usiku uliotangulia. Sili ya zamani ikishatoka imevimba, hairudi mahali pake. Fundi atataka kuibana na silikoni, mkatalie.

Jaza tenki, piga safari moja ya Mikindani na kurudi. Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua madirisha, inua siti ya nyuma na unuse. Ukisikia petroli, sili haijakaa, rudi kwa fundi kabla hujapakia mtu.