Walizikata Aya, Kisha Wakaninyima Picha ya Kumi

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa. Duka lenyewe silitaji, ila yeyote anayetaka kuagiza mtandaoni nakala za picha za William Hogarth, mchoraji wa Kiingereza wa karne ya 18, asome kwanza yaliyonikuta.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Reading, Uingereza. Nilitaka kutundika seti yake ya picha 12, Industry and Idleness (Bidii na Uvivu), kwenye chumba changu cha kushonea, kwa sababu ni hadithi ya watu wa kazi kama sisi. Wanagenzi wawili, Goodchild na Idle, wanajifunza ufumaji kwa tajiri mmoja. Kwenye picha ya kwanza Idle amesinzia kwenye mtambo wake, paka anachezea vifaa vyake, na mwenzake anafuma. Picha ya 11 Idle anapelekwa kunyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea wahalifu wa London, ya 12 Goodchild ni Meya wa London. Hogarth alizichapisha mwaka 1747, shilingi moja kwa picha, kwa makusudi, ziwafikie vijana wenyewe wa karakanani na si matajiri tu.

Basi mzigo ukafika. Mtoto wa kaka yangu, ambaye hunisaidia Jumamosi, akazipanga sakafuni kwa mfuatano. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shangazi, hii si ndiyo ileile?"

Ilikuwa ileile. Picha ya tisa mara mbili: kile chumba cha chini ambamo Idle na mwenzake wanagawana mali ya wizi, maiti inasukumwa shimoni, na askari wanashuka ngazi. Ya kumi haikuwemo.

Wangekosea nyingine yoyote ningevumilia. Ya kumi ndiyo bawaba ya hadithi yote. Ndipo wale wawili wanapokutana tena, Goodchild amekaa kwenye kiti cha hukumu, Idle ameletwa mbele yake akiwa mtuhumiwa. Goodchild amegeuza uso na kuufunika kwa mkono. Mama yake Idle yupo pale analia na kuomba. Ukiiondoa hiyo, unabaki na vijana wawili waliopita njia mbili wasijuane tena.

Halafu nikaona jambo lililonichoma zaidi. Picha zote zilikuwa zimekatwa kingo. Hogarth alizungushia kila picha pambo lenye maana yake: upande mmoja mjeledi, pingu na kitanzi, upande wa pili rungu la heshima, upanga na mkufu wa meya. Chini akaweka aya za Biblia. Yote hayo yalikwenda na mkasi.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea alikuwa anatafuna kitu, nikamsikia kabisa. Nikamweleza polepole. Akanijibu, "Mama, hizi ni za kupamba ukuta. Nani anasoma maandishi ya chini?"

Mimi nayasoma! Chini ya ile ya kumi kuna aya mbili. Ya Zaburi inasema mwovu amenaswa kwa kazi ya mikono yake mwenyewe, hiyo inamwangukia Idle. Lakini ya pili, kutoka Walawi, inaonya watu wasitende udhalimu hukumuni, na hiyo inamtazama Goodchild. Hogarth hakumwacha yule kijana mwema akae starehe kitini pake. Kata aya ya pili, na picha inabaki kumcheka mkosaji peke yake. Ndiyo maana sikubali kuambiwa maandishi ni takataka.

Tena mtu aliyefanyiwa haya ni Hogarth, aliyehangaika na wezi wa kazi yake maisha yake yote. Waliponakili A Harlot's Progress, seti yake ya picha inayosimulia hadithi ya kahaba Moll Hackabout, yeye na wachoraji wenzake walilipeleka suala hilo Bungeni, ikapatikana sheria ya mwaka 1735 ya kuwalinda wachongaji picha kwa miaka 14. Seti yake iliyofuata, A Rake's Progress, aliizuia makusudi mpaka sheria ianze kufanya kazi.

Kwa haki niseme, karatasi ni nzuri na mistari imetoka safi. Ile ya tano, Idle anapopelekwa melini kwa mashua, unaona hadi mkataba wake wa uanagenzi unaelea majini na mama yake anajifuta machozi. Nilimkuta kijana wangu ameikodolea macho, uzi mkononi, sindano haijatungwa. Wakati huo nilikuwa karibu kuwasamehe. Ningesema nunueni, ila hesabuni kwanza.

Juzi imefika bahasha yao ya pili, baada ya simu nne. Picha ya kumi imo. Imekatwa kama zile nyingine. Hakuna pambo, hakuna aya, hakuna hata kijikaratasi cha kuomba radhi.

Basi hapana, msinunue kwao. Kama mko London, ombeni miadi kwenye chumba cha kusomea picha cha British Museum, ni bure, mkazione na kingo zake zote.

Zangu sizirudishi. Nimezitundika zote 12, na chini ya ile ya kumi nimegundisha kipande cha karatasi. Kijana wangu ameandika aya zote mbili kwa kalamu ya risasi, na ile ya Walawi ameipigia mstari.