Nilinunua punda mnadani: uzoefu wangu, na nilichokikuta chini ya oili chafu

Naandika kwa ajili ya yeyote anayejiandaa kwenda mnadani kununua punda, hasa kina mama wenzangu tunaoishi kwa kuchota maji. Mimi ni mkulima, mkoa wa Singida. Kisima chetu kiko kilomita nne kutoka nyumbani. Bila punda, safari moja ni dumu moja kichwani. Ukiwa na punda unarudi na madumu mawili ya lita 20, mgongo wako umepona, na mtoto amewahi shule.

Punda wangu wa kwanza aliibwa usiku. Siku ya tatu wachungaji walikuta kichwa na kwato porini, ngozi haipo. Mnaokaa mikoa ya kati mnakumbuka vizuri miaka ile ya viwanda vya kuchinja punda, kimoja Dodoma na kingine Shinyanga, ngozi zikipelekwa China kuchemshwa zitoke gundi ya dawa waiitayo ejiao. Kwa jirani zetu Kenya, toka Aprili 2016 hadi Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya laki tatu. Mnyama anayebeba mimba mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja hawezi kuhimili kasi hiyo. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Nilishukuru sana. Lakini mnada haukubadilika, na ndiko ninakotaka kuwapeleka.

Jina la mnada silitaji. Niliyoyaona nimesikia yakisimuliwa na watu wa minada mingine mingi, kwa hiyo usijifariji kwamba wa kwenu ni tofauti.

Nilifika saa mbili asubuhi na mwanangu mkubwa. Nianze na mazuri, maana yapo. Wanyama ni wengi, unachagua. Ushuru unalipwa dirishani na stakabadhi unapewa hapo hapo. Afisa wa kuandika vibali vya kusafirisha mifugo alikuwepo, na hakuniomba hata shilingi ya pembeni. Mama lishe wana chai nzuri.

Nilikuwa nataka jike wa miaka mitano au sita. Hatujamaliza hata kuzunguka, akatufuata dalali mmoja mwenye maneno matamu. "Mama yangu, karibu, usihangaike, mzigo wako ninao." Akatuonyesha jike wa kijivu, msalaba mweusi umekaa vizuri mabegani, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Yalikuwa yamepakwa kweli, ila wakati ule niliona afya. Kichwa juu, hatulii, anachezesha miguu, mkia ameubana. Dalali akasema ana miaka mitano na mimba ya miezi minne. Nilipotaka kumshika mgongoni akanivuta kando: "Mama, ana mimba, usimshtue."

Alitaka 450,000. Nikasema sina. Hapo akatokea bwana mmoja mwenye kofia, akamtazama yule punda mara moja tu, akasema anatoa 330,000 taslimu, wamfungie. Nikaingiwa na hofu ya kumkosa. Nikapanda hadi 340,000, wakanipa kamba. Saa moja baadaye nilimwona bwana yule yule wa kofia akimtaka mbuzi wa mtu mwingine kwa hofu ile ile, kisha ng'ombe. Hakuondoka na mnyama yeyote. Ni mpambe. Kazi yake ni kukukimbiza.

Ila kilichoniuma zaidi kuhusu pesa nilikipata kwenye chai. Mzee mmoja alikuja akasimama karibu na punda wangu, akamkuna katikati ya masikio, na punda akainamisha kichwa. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anamjua. Akasema, "Binti yangu, huyu nimekaa naye miaka kumi na miwili." Alimleta kwa ajili ya ada ya mjukuu. Nikamuuliza amepata ngapi. 210,000. Tukabaki tunatazamana. Nilipomwambia nimetoa ngapi, mzee alikaa chini. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetumaini jibu zuri, kama dalali alinieleza habari ya kidonda cha mgongoni na mguu wa mbele. Yeye alimwambia kila kitu asubuhi ile, akamwomba amtafutie mtu wa kumtibu, asiyekuwa na mizigo mizito.

Kwa hiyo nasema wazi: mwenye mali hakunidanganya. Uongo uliingia katikati, kwenye hatua thelathini kati ya kamba ya mzee na kamba yangu.

Nilimtafuta dalali, hakuonekana. Mwanangu akanikumbusha njia ni ndefu. Kabla hatujaondoka nikasogea kwenye hori la maji ili punda anywe. Kavu. Lina vumbi na mifuko ya plastiki. Kijana aliyekuwa jirani akaniambia maji yananunuliwa kwa dumu, na wenye punda wengi hawanunui, kwa sababu "punda anavumilia". Punda waliokuwa zizini walikuwa wamefika toka jana yake jioni. Nilinunua dumu moja, na jike wangu akalimaliza bila kuinua pua. Wale wengine waliponusa maji walijazana kwenye ua hadi miti ikalia. Nikanunua la pili nikawamiminia. Halikuwatosha hata kulowesha midomo.

Pembeni palikuwa na Fuso inapakiwa. Hakuna ngazi ya kupandishia. Punda 11 walifungwa miguu yote minne kwa kamba ya katani, wakabebwa na vijana wanne wanne, wakarushwa ndani kama magunia, mmoja akilalia mwingine. Aliyegoma alichomwa kwa fimbo yenye msumari. Kulikuwa na jike mwenye mtoto anayenyonya bado, miguu haijakomaa. Mama alipakiwa, mtoto alibaki kwa kuwa mnunuzi hakumhitaji. Alizunguka gari lile akilia hadi lilipoondoka, kisha akakimbia nyuma yake mpaka barabara kubwa. Mgambo wawili walikuwa wamekaa kivulini wanatazama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Siku ile sikumwona mtu hata mmoja aliyeogopa kuivunja.

Tuliondoka saa sita. Mwendo ulikuwa mzuri hadi kama saa nane hivi, kisha akaanza kupunguza. Kichwa kikashuka. Kufika saa tisa alikuwa anachechemea mguu wa mbele wa kushoto waziwazi, kila akikanyaga kichwa kinaruka juu. Tulimvua hata kamba ya shingoni tukatembea naye polepole. Kilomita 14, tumefika usiku.

Asubuhi nilichemsha maji, nikamwosha. Maji yalitoka meusi, yananuka gereji. Ilikuwa oili chafu ya gari iliyochanganywa na masizi, imepakwa mgongo mzima, na manyoya yamelazwa juu kwa ustadi. Chini yake palikuwa na kidonda cha matandiko, upana wa kiganja changu, usaha umeshika hadi karibu na mfupa. Nilipofika nyuma, nikamwinua mkia ili nimsafishe, mkono wangu ukaanza kuwaka. Nilifikiri nimeguswa na mmea. Ilikuwa pilipili. Walimtia pilipili chini ya mkia ili aonekane mchangamfu. Ile miguu iliyokuwa inachezacheza mnadani, nami nikaipenda, ilikuwa inaungua.

Nililia, sioni aibu kusema.

Afisa mifugo wa kata alikuja mchana ule. Ndani ya ukwato alikuta kipande cha msumari, kimeoza humo. Akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda, na hapo ndipo nilipofikiria kwa mara ya kwanza kwa nini ugonjwa ule tukauita hivyo. Alisema kwa jinsi alivyotembea vizuri asubuhi na kuharibika mchana, karibu hana shaka alipigwa sindano ya kuua maumivu kabla ya mnada. Alimfungua mdomo. Meno ya mbele yalikuwa yamelala yakielekea nje, vishimo vya juu vimefutika vyote. Alimkadiria zaidi ya miaka 15, jambo ambalo halikunishangaza baada ya maneno ya mzee. Mimba hakuna. Tumbo lile lilikuwa majani makavu.

Nimefikiri sana juu ya haya. Kila hila niliyofanyiwa mimi ilifanyika kwanza kwenye mwili wake. Ili mimi nisione kidonda, yeye alipakwa uchafu ndani ya kidonda. Ili mimi nione nguvu, yeye aliunguzwa. Ili nisimwone akichechemea, alikanyagishwa msumari kilomita kadhaa bila kuusikia, ukazidi kuingia. Na punda ni mnyama wa kuficha maumivu. Hajilazi ovyo, hapigi kelele, anasimama tu masikio yameinama. Dalali anaishi kwa ukimya huo.

Wiki iliyofuata nilirudi na stakabadhi yangu. Imeandikwa "punda 1" na kiasi cha ushuru. Kibali kinataja rangi, jinsia na kijiji anakokwenda. Hakuna mahali pa kuandika umri, wala afya, wala jina la dalali. Dalali alinijibu mbele ya watu, "Mama, punda alitoka mikononi mwangu akiwa mzima." Ofisini nikaambiwa mnadani mtu ananunua kwa macho yake. Nikauliza, macho yangu yangeonaje chini ya oili? Yule bwana akafunga daftari.

Kama wewe huna budi kwenda, nenda na afisa mifugo wa kwenu hata kama utamlipa posho ya siku, ni nafuu kuliko matibabu niliyolipia mimi. Beba kitambaa cheupe na maji kidogo, umsugue punda mgongoni, kwenye mabega na mahali mkanda unapopita tumboni. Kitambaa kikitoka cheusi, achana naye. Mwinue mkia. Mwambie dalali akuache umtembeze kwenye ardhi ngumu, umkimbize kidogo, umgeuze kulia na kushoto. Inua kila mguu uchungulie ukwato. Mdomoni, punda aliyefika miaka mitano ana meno ya mbele ya utu uzima yote, na yanakutana yakiwa yamesimama wima. Kadiri anavyozeeka yanalala kwenda mbele. Usilipe asubuhi. Kaa naye hadi alasiri, kwa sababu sindano ya maumivu ina saa zake. Na zaidi ya yote mtafute mwenyewe mwenye punda. Simama naye ana kwa ana, hata kama dalali atakasirika.

Kwa wanaosimamia minada, naomba mambo mawili tu, maana najua bajeti ni ndogo: hori liwe na maji kila siku ya mnada, na jina la dalali liandikwe kwenye stakabadhi.

Nikitakiwa kutoa nyota, natoa moja kati ya tano, na hiyo ni ya yule afisa wa vibali.

Jike wangu kidonda kilichukua wiki tisa kufunga. Nilikuwa nakikamua kila asubuhi kwa maji ya chumvi. Watu husema asante ya punda ni mateke. Huyu katika wiki zote hizo hakuwahi kunipiga hata mara moja. Habebi mzigo, na hatabeba tena. Anafuatana na watoto kisimani mikono mitupu, wanamkuna masikio.

Punda wa kubeba nimempata kwa jirani, hapa hapa kijijini, 280,000, mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi. Jirani alikataa kupokea hela siku hiyo. Alisema nikae naye wiki nzima kwanza, nichotee maji. Siku ya tatu alikuja mwenyewe jioni, akasimama mlangoni, akasema kuna kitu alisahau kuniambia: anaogopa mbwa, nisimpitishe karibu na bucha.